Haelewi au Hatii? Mtoto Mwenye Usonji Katika Miaka ya Kwanza ya Shule

Mwishoni mwa muhula wake wa kwanza wa darasa la kwanza, mwanangu alirudi nyumbani na ripoti iliyokuwa na sentensi mbili za kalamu nyekundu: “Haelewi anachofundishwa. Ni mkaidi.” Niliikunja, nikaikunjua, nikaisoma tena usiku watoto walipokwisha kulala, na ndipo nilipotambua kilichokuwa kikinikera. Sentensi zile mbili haziwezi kukaa pamoja. Mtoto asiyeelewa agizo hawezi kulikaidi, na anayelikaidi lazima awe amelielewa kwanza. Mwalimu wake hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Alikuwa peke yake mbele ya watoto zaidi ya 90, na aliandika kile alichokiona, yaani mtoto anayebaki amesimama wenzake wakiketi, asiyeitika jina lake likiitwa, na anayeziba masikio kwa viganja kila darasa linapoitikia kwa pamoja.

Ripoti ile ilinionyesha fundo lilipo. Darasa la awali na madarasa ya kwanza hupima kwa mkupuo mmoja mambo matatu ambayo kwa watoto wengi hukua sambamba: kusema, kuelewa na kutii. Mwalimu anauliza, mtoto anajibu kwa sauti, anafanya alichoambiwa, na kwa muda usiozidi dakika moja yote matatu yamethibitika. Kwa mtoto mwenye usonji kila moja kati ya hayo huenda kwa mwendo wake. Anaweza kuelewa bila kusema, anaweza kusema bila kuelewa, na anaweza kushindwa kutii agizo ambalo amelielewa vizuri na angependa kulitimiza. Karibu kila ugomvi nilioushuhudia kati ya mzazi na mwalimu juu ya mtoto wa namna hii ulitokana na mambo hayo kuchanganywa.

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto apokee sauti, mguso, maneno na mahusiano ya watu kwa namna yake, na ashikilie mno mazoea, mpangilio na vitu vichache anavyovipenda. Sehemu kubwa ya chanzo chake ni vinasaba, na mwanzo wake ni mtoto akiwa bado tumboni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, shule ya msingi yenye wanafunzi 1,500 huenda ina watoto 10 au zaidi wa aina hii, wajulikane au wasijulikane. Usonji hautibiwi kwa dawa, kwa sababu si ugonjwa unaoingia na kutoka, ingawa yapo mengi ya kufanya ili mtoto aishi na kujifunza vizuri.

Maelezo yaliyoufanya ujulikane yaliandikwa mwaka 1943 na Leo Kanner, daktari wa Baltimore nchini Marekani, kuhusu watoto 11 aliowachunguza. Labda ndiyo sababu hadi leo tunaambiwa kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Victor Lotter alitembelea vituo vya watoto wenye ulemavu katika nchi kadhaa za Afrika, na watoto wenye usonji aliwakuta. Walikuwapo siku zote. Hawakuwa na jina. Huko Marekani na Ulaya nako kulikuwa na wakati ambapo wataalamu walidai kuwa usonji huletwa na mama mwenye moyo wa baridi asiyempenda mwanawe. Dai hilo lilikwisha kukataliwa na sayansi, lakini ndugu zake bado wanaishi katika mitaa yetu: mama alitumia njia za uzazi wa mpango, mama alimwachia mtoto simu, ukoo wa mama una jambo. Hata chanjo imesingiziwa, kutokana na makala ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12 tu, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Uchunguzi wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Nalisema hili kwa uchungu, kwa maana mama anayetumia siku zake kujitetea mbele ya mawifi hana nguvu inayobaki ya kumsaidia mtoto.

Kabla ya shule, jambo la kwanza kabisa ni kupima masikio. Mtoto asiyeitika jina lake huenda hasikii, na itakuwa aibu kubwa kumzungusha miaka miwili kwa sababu ya usonji kumbe tatizo ni sikio. Daktari atauliza pia kama mtoto amewahi kupata degedege au kuzimia ghafla, kwa kuwa kifafa huonekana mara nyingi zaidi kwa watoto wenye usonji, na kifafa kina dawa. Zaidi ya hapo hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Unatambuliwa kwa kumtazama mtoto na kuwasikiliza kwa makini watu wanaoishi naye, na kwa sababu hiyo mzazi anayeandika tarehe na matukio katika daftari huwa amefanya nusu ya kazi ya daktari.

Hapa pana jambo linalohusu malezi yetu hasa. Vitabu vingi vya nchi nyingine hutaja kutotazamana machoni kama dalili ya mapema. Kwetu mtoto anayemkodolea macho mkubwa huambiwa hana adabu, hivyo anayeinamisha macho husifiwa, na dalili inapita bila kuonwa. Kwa upande mwingine, salamu hutusaidia kuona kisichoonekana kwingine. Mtoto wa miaka mitano wa hapa amekwisha kujua kuwa shikamoo hupanda kwa mkubwa na marahaba hushuka kwa mdogo, na hulijua hilo bila kufundishwa kanuni. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hushindwa hapo hasa. Atamjibu babu yake “shikamoo” kwa “shikamoo”, au atamwamkia mdogo wake wa miezi sita, au atapita katikati ya wazee kama anayepita kati ya miti. Watu humwona amelelewa vibaya. Kinachomshinda ni kusoma nani ni nani kwa nani, jambo ambalo wengine tunalifanya bila kufikiri, na kofi halimfundishi. Mwanangu tulimfundisha kugusa mkono wa mkubwa kwanza, na neno likafuata baada ya mwaka mzima.

Tuanze na kusema, kwa kuwa ndiko wazazi wengi huanzia hofu yao. Wapo watoto wasiotamka neno hata wakifika miaka sita, na wapo wanaosema sana lakini kwa maneno ya kuokota, wanayoyarudia kama mwangwi, wakaitwa kasuku. Kiswahili kinatuonyesha vizuri kinachotokea, kwa sababu nafsi tunaibeba ndani ya kitenzi. Ukimuuliza mtoto “Unataka uji?” naye akitaka uji, wengi watajibu “Ninataka”, wakigeuza *u* kuwa *ni* bila kujua kwamba wamegeuza. Mtoto mwenye usonji anaweza kujibu “Unataka uji”, na kesho yake akasimama jikoni mwenyewe akisema “Unataka uji” huku akishika sufuria. Kwake sentensi nzima ni jina la tukio: ni sauti inayosikika kabla uji haujaja. Kanner aliliona jambo lile lile kwa Kiingereza. Siku moja mwanangu alianguka uwanjani, akaja kwangu damu ikitiririka gotini, akasema kwa utulivu: “Umeumia, pole.” Ni maneno yangu mwenyewe, ambayo nilikuwa nimemwambia kila alipoanguka tangu aanze kutembea.

Ukiliona hivyo, namna ya kumsaidia inajieleza yenyewe. Punguza maswali, umwazime maneno yaliyo upande wake. Badala ya “Unataka maji?”, shika kikombe karibu naye, sema “Nataka maji”, kisha mpe. Baada ya mara nyingi sana ataanza kuyachukua maneno hayo kama yake. Wala mwangwi si upuuzi wa kukomeshwa. Mwanangu alipenda daladala kuliko kitu chochote, na katika darasa la awali alikuwa akikaa kimya saa nzima, halafu ghafla anapaza sauti: “Shusha!” Darasa zima lilicheka, mwalimu akaona ni utundu, na mara mbili aliwekwa amepiga magoti mbele ya ubao. Ilituchukua wiki kadhaa kutambua kwamba alikuwa akilisema neno hilo pale tu kelele ilipozidi. Amesikia mtu akitaka kutoka kwenye gari lililojaa husema “Shusha”, na gari husimama, na mtu huyo hutoka. Alikuwa anaomba kutoka, kwa neno sahihi kabisa, na akaadhibiwa kwa hilo.

Kuhusu mtoto ambaye haongei kabisa, picha hufanya kazi kubwa. Katuni, vipande vya boksi la sabuni vilivyochorwa choo, maji, nyumbani, kuumwa, hata picha zilizokatwa kwenye kalenda ya zamani, zote zinafaa. Mzazi huogopa kwamba picha zitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema, hofu ambayo haina msingi, kwani mtoto aliyeonja ladha ya kueleweka hutafuta njia zaidi za kueleweka. Vivyo hivyo kwa familia zenye lugha mbili. Wengi wameshauriwa kuacha Kichaga au Kisukuma nyumbani ili mtoto “asichanganyikiwe”, na tafiti zilizofanywa kwa watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hazionyeshi kuwa lugha ya pili huwarudisha nyuma. Bibi asiyeruhusiwa kusema na mjukuu wake kwa lugha yake huacha kusema naye kabisa, na hiyo ndiyo hasara.

Kuelewa ndiko kunakodanganya zaidi, kwa pande zote mbili. Katika darasa la kwanza na la pili mtaala wa Tanzania tangu mwaka 2015 umeweka mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi kwa uaminifu mkubwa. Mtoto aliyekwisha kushika silabi, *ba be bi bo bu*, anaweza kutamka karibu neno lolote atakaloliona. Baadhi ya watoto wenye usonji hupenda mpangilio huo kupita kiasi na hujifundisha wenyewe. Nimemwona mtoto wa miaka mitano akisoma gazeti kwa sauti, tangazo la mnada pamoja na kila tarakimu, wageni wakipiga makofi na kusema huyu ni profesa. Muulize kinachouzwa ni nini, atanyamaza, au atalisoma tangazo upya tangu mwanzo. Darasani mtoto huyu atapata alama nzuri za kusoma hadi darasa la pili, kisha ataporomoka darasa la tatu, masomo yanapoongezeka na kusoma kunapokuwa njia ya kupata habari. Watu watasema amerogwa au amekuwa mvivu. Uelewa ulikuwa nyuma ya matamshi tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeupima.

Dawa yake ni ndogo na inachosha: baada ya kila sentensi, mtoto aonyeshe kwa kitu, kwa mchoro au kwa tendo. “Juma aliweka kitabu chini ya meza.” Haya, kitabu hiki hapa, meza ile pale, fanya alichofanya Juma. Ukifanya hivyo utajua kwa dakika mbili anachoelewa, na mara nyingine utashangazwa kwa upande wa pili, kwa kuwa mtoto asiyetamka neno ataweka kitabu mahali pake bila kusita. Wasichana huumia zaidi hapa. Wavulana hutambuliwa kuwa na usonji karibu mara tatu hadi nne zaidi ya wasichana, na sehemu ya tofauti hiyo hutokana na msichana kujificha kwa kuiga. Anamtazama jirani yake, anafungua ukurasa alioufungua jirani, anaitikia wengine wakiitikia, na mwalimu anaandika “mpole, ana nidhamu” kwa mtoto ambaye hajaelewa neno tangu asubuhi na ambaye akifika nyumbani hujifungia chumbani na kulia.

Sasa kutii. Hebu lipitie darasa letu kwa masikio yasiyochuja sauti. Kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini na kugongwa kwa nondo. Watoto 90 wanajibu “Ndiyooo!” kila mwalimu anapouliza kama wameelewa. Paa ni bati, na mvua ya masika ikianza hakuna anayemsikia mwenzake. Shati jipya la sare lina lebo inayokwaruza shingo, dawati la watu watatu limekaliwa na watano, na harufu ya choo inaingia dirishani. Watoto wengi huyasahau haya baada ya dakika chache kwa sababu ubongo wao huyasukuma pembeni. Ubongo wa mtoto mwenye usonji mara nyingi huyaacha yote yaingie kwa nguvu ile ile, saa baada ya saa, mpaka mtoto azidiwe. Akizidiwa atapiga kelele, atakimbia nje, atajigonga kichwa, au atajikunja chini ya dawati na kuzima kama taa.

Kuzidiwa na ujeuri hufanana kwa mbali, na ukikaribia utaona tofauti. Mtoto anayedeka hukutazama kama unamtazama, na hunyamaza akipewa alichokitaka. Aliyezidiwa hajui kama upo. Hata ukimpa pipi ataitupa, na kuendelea kumsemesha ni kumwongezea mzigo. Wakati huo kinachosaidia ni maneno machache, mahali penye kivuli na kimya, na muda. Fimbo inamwongezea maumivu mtoto ambaye tayari amelemewa na hisia, na kinachobaki akilini mwake ni kwamba shuleni ni mahali pa kuumizwa. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko kwa masharti, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe katika daftari. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Mzazi anayo haki ya kuuliza masharti hayo kwa adabu na kwa jina lake, na mimi naamini kwamba kwa mtoto mwenye usonji hakuna idadi ya viboko inayofaa, hata kimoja.

Sehemu kubwa ya kutotii huondoka mtoto akijua kinachofuata. Nyumbani tulifunga kamba ya nguo ukutani, tukabana kwa vibanio vya nguo michoro sita: kuamka, kuoga, uji, bajaji, shule, nyumbani. Kila jambo likiisha, mchoro unashuka kapuni. Kiswahili kina jozi nzuri kwa kazi hii: kwanza na halafu. Kwanza viatu, halafu bajaji. Kwanza kuandika mistari mitatu, halafu kuchora daladala. Jozi hiyo ni lazima iheshimiwe na mkubwa; ukisema halafu kisha usitimize, umeharibu kazi ya mwezi. Na kama ratiba itavunjika, kama vile mwalimu ni mgonjwa au kuna ugeni wa mkaguzi, mtoto aambiwe mapema kadiri inavyowezekana, kwa mchoro.

Swali la shule ipi huulizwa kama vile jibu ni moja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inaelekea kwenye elimu jumuishi, mtoto asome pamoja na wengine katika shule ya kawaida. Sambamba na hilo kuna vitengo vya elimu maalumu ndani ya shule za msingi za kawaida, kama kile cha watoto wenye usonji katika Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam, na walimu wa elimu maalumu huandaliwa katika vyuo kama Patandi mkoani Arusha. Kitengo kina watoto wachache na mwalimu anayejua kazi, ila nafasi ni chache na mara nyingi watoto wenye mahitaji tofauti kabisa hukaa chumba kimoja. Darasa la kawaida lina watoto wa kuiga na kucheza nao, ila mtoto anaweza kukaa nyuma miaka mitatu bila mtu kumsogelea. Mimi siku hizi naangalia kwanza jambo moja: ni mtu mzima gani, kwa jina, atakayejua mtoto huyu yuko wapi saa nne asubuhi. Baadhi ya watoto wenye usonji hutoka getini bila kuaga na hawaogopi barabara wala maji. Shule isiyoweza kunitajia mtu huyo sipeleki mtoto, hata kama ukuta wake umepakwa rangi nzuri.

Mtoto akishapata nafasi, mzazi asingoje ripoti. Januari iliyofuata, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, nilimwomba mwalimu mpya aturuhusu kuingia darasani likiwa tupu. Mwanangu alizunguka, akagusa ukuta, akahesabu vioo vya dirisha, akachagua dawati la pembeni karibu na mlango, akakaa. Nilimpa mwalimu karatasi ya ukurasa mmoja niliyoiandika kwa mkono, kwa kuwa ndefu zaidi isingesomwa na mtu mwenye watoto 90. Ilikuwa na mistari michache tu. Anasoma vizuri kuliko anavyoelewa. Tafadhali, mwambie aonyeshe. Ukimwita, mguse bega kwanza. Anakula chaki, isikae karibu naye. Akiziba masikio hakudharau wewe, ni kelele. Akisema “Shusha”, anaomba kutoka. Akikaa chini ya mwembe dakika tano atarudi mwenyewe. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama, akauliza kama hiyo “Shusha” anaisema kwa sauti kubwa, nikamjibu kwamba ni kubwa sana, naye akaibandika karatasi ndani ya mlango wa kabati lake.